Kisichoandikwa Hakikufanyika

Kinyozi aliishika kalamu kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mpini wa jembe, na bado ncha yake ilicheza juu ya karatasi bila kuandika kitu. Jasho lilimtoka kwenye nywele likamshukia mpaka kidevuni. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Dirisha la dawa lingefunguliwa saa mbili, na sasa ilikuwa saa moja na robo. Dakika arobaini na tano ni nyingi kwa mtu ambaye mifupa yake imeanza kumuuma.

“Acha kalamu,” mbunge akamwambia. “Nipe dole gumba.”

“Sista, mkono huu umewahi kunyoa ndevu za jaji.”

“Najua. Nipe.”

Alilikandamiza dole lile kwenye pedi ya wino, akalizungusha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia kwenye mstari wa thelathini na nne, kisha akamfuta kwa pamba yenye spiriti. Alama ilitoka safi. Mtu angeweza kuhesabu mistari yake.

Walikuwa katika chumba cha zamani cha kufulia, nyuma ya hospitali. Mashine mbili za kufulia zilizokufa zamani zilikuwa zimesukumwa ukutani, na foleni ilikaa juu yake kama kuku. Mbunge aliandikia kwenye meza ya kupigia pasi. Kabla ya kuchaguliwa alikuwa muuguzi wa hospitali hiyo hiyo kwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo watu wa dirishani hawakumwita mheshimiwa. Walimwita Sista.

Kitabu cha ombi alichokuwa akikijaza kilikuwa cha pili. Cha kwanza kilirudishwa na karani wa Bunge, mtu mpole mwenye tai nyembamba, aliyekishika kwa ncha za vidole.

“Hakipokeleki, mheshimiwa,” karani alikuwa amemwambia. “Waombaji wasiopungua arobaini, hapo uko sawa. Lakini kanuni inataka kila mwombaji aeleze jambo hili linamhusu vipi. Safu ya nne umeiacha wazi.”

“Linawahusu kwa sababu wanaumwa.”

“Basi iandikwe. Tena ikiandikwa kwa kirefu, hakuna atakayekuwa na la kusema.”

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na mbunge aliwaheshimu watu wa kanuni. Siku yake ya kwanza wodini, matroni alimwambia neno moja ambalo hakulisahau: kisichoandikwa hakikufanyika. Umempa mgonjwa dawa usiandike, hukumpa. Atakuja mwingine atampa tena, na mtazika. Kwa hiyo alirudi nyumbani akachukua rula, akapiga mistari, na safu ya nne akaifanya pana kuliko zote, kama rejista ya wodi. Ameanza lini. Anatumia nini. Mara ya mwisho ni lini. Anapatikana wapi, saa ngapi. Aliandika kwa mwandiko wake wa duara, uliosimama wima, ambao daktari yeyote aliweza kuusoma hata taa ikiwa hafifu.

Muswada wake, ambao ombi hilo lilikuwa la kuutetea, ulikuwa na vifungu sita tu. Sheria iliyokuwepo ilisema anayetumia unga wa kulevya ni miaka mitano, na akirudia ni kumi bila faini. Muswada ulisema anayekutwa na kete ya unga ya kutumia mwenyewe apelekwe dirishani, si gerezani. Ndiyo hayo tu. Miaka mitatu aliubeba muswada huo kwenye mkoba, na kitu pekee alichopata ni dirisha lenyewe: tundu la upana wa mikono miwili katika ukuta wa hospitali, ambapo kila asubuhi kikombe kidogo cha dawa kilimkinga mtu na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, mpaka kesho yake.

“Anayefuata.”

Dereva aliweka dole namba thelathini na tano. Nyuma yake alikuja Mwalimu, aliyevaa koti la suti lililobaki na kifungo kimoja, na yeye hakutoa mkono. Alisoma kwanza, kuanzia juu mpaka chini.

“Sista, hii safu ya nne itasomwa na nani?”

“Wabunge.”

“Wabunge tu?”

“Ni waraka wa Bunge, Mwalimu.”

“Mimi nimefundisha miaka kumi na minne. Mtoto akishakiri kwa maandishi, kinachobaki ni kuchagua fimbo.”

“Ndiyo maana tunabadilisha sheria.”

“Haya.” Akaweka dole. “Wewe ndiye mwenye chaki.”

Wa thelathini na saba alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja. Aliingia na kichwa cha cherehani begani na uzi wa jinzi mfukoni. Alikuwa amekwenda jela mara moja, miaka sita iliyopita, na aliporudi hakuweza hata kufunga kifungo. Sasa alikuwa na miezi kumi na tisa ya dirisha. Kila siku alikaa kwenye cherehani yake mlangoni pa duka la vitambaa, akashona sare za wanafunzi na kupunguza suruali za watu, na alipenda kuonyesha jambo moja: alitia uzi kwenye sindano mara moja tu, bila kulamba.

“Andika, dada. Mara ya mwisho, miezi kumi na tisa. Usisahau hiyo.”

“Sijasahau.” Aliandika. Kisha, kwa sababu kanuni ilimtaka mbunge atangaze maslahi yake, akaongeza kwa mwandiko ule ule: *Ni mdogo wake mbunge mwasilishaji.*

“Na mimi andika naishi Ikulu,” akasema Bi Harusi, aliyefuata. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alipoachwa ukumbini siku ya ndoa aliliuza gauni siku ileile. “Andika napatikana saa zote, isipokuwa nikiwa kwenye vikao.”

“Bi Harusi, ninaandika kitu cha serikali.”

“Basi andika nipo nyuma ya kituo cha mafuta. Na serikali ikija ije na maandazi.”

Wakacheka, hata Kinyozi aliyekuwa amejikunja kwa maumivu.

Zilipotimia kurasa nne, za watu kumi kumi, mdogo wake alifunga kichwa cha cherehani kwenye meza ya pasi, akapanga karatasi pamoja na jalada la kadibodi, akazipitisha chini ya sindano mara tatu. Alizungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, maana kadibodi ilikuwa nene.

“Wasije wakachomoa ukurasa wakasema umeleta watu ishirini,” alisema. “Sasa atakayetaka kumtoa mmoja, achane kitabu chote.”

Kabla ya kutawanyika mbunge aliwasomea majina yote, toka la kwanza mpaka la arobaini. Aliwaambia wasimame. “Nikisoma jina lako, usiangalie chini. Itika. Siku tukiitwa mbele ya kamati, nataka wakusikie.”

Wa kwanza alinong’ona. Wa tano alikohoa kwanza. Kufikia ukurasa wa tatu sauti zilikuwa zimeota mizizi, na kila jina lilipotoka mdomoni mwake lilijibiwa kwa neno moja, nipo, nipo, nipo, mpaka mtoa dawa akafungua mlango kuona kuna nini.

*

Ndani ya Bunge walimwita Chama Kizima, kwa kuwa chama chake kilikuwa na kiti kimoja. Kiti hicho kilikuwa mstari wa mwisho, karibu na mlango wa msalani. Akichelewa walisema chama kizima kimelala. Akitoka kwenda kunawa walisema chama kizima kimesusia kikao.

Spika alipomwita, mtu akapaza sauti: “Chama kizima kimesimama!” Wakacheka kwa kupiga meza.

Alitembea mpaka mbele, akaliweka ombi juu ya meza ya makatibu. Alipewa dakika mbili. Alisema waombaji ni arobaini, kila mmoja amejieleza kwa mdomo wake na kutia dole mbele yake, na ni wagonjwa, na wanaomba watibiwe.

Kisha Waziri wa Mambo ya Ndani akasimama. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji.

“Mheshimiwa Spika, Serikali inampongeza mheshimiwa kwa kazi ya kina. Kwa muda mrefu tumekuwa tukikosa takwimu za aina hii. Tunalipokea ombi hili kwa mikono miwili, na tutalifanyia kazi mara moja.”

Meza zikapigwa, safari hii si kwa kumcheka. Mbunge alirudi kwenye kiti chake akiwa amekaza taya ili asilie mbele za watu. Jirani yake, mzee wa chama kikubwa aliyehamishiwa viti vya nyuma kwa kosa ambalo hakupenda kulisimulia, alimwinamia.

“Mimi nimo humu miaka kumi na minane,” alisema. “Nimewasikia wakisema ‘tutalifanyia kazi’ hata kwa choo cha shule kilichoanguka. Lakini ‘mara moja’, sijawahi kuisikia.”

“Pengine safari hii wameguswa.”

“Pengine,” mzee akasema, akaanza kutafuta miwani yake ambayo ilikuwa usoni.

*

Jumatatu iliyofuata simu ililia saa mbili na nusu asubuhi. Mtoa dawa, aliyekuwa mwanafunzi wake wa uuguzi, alizungumza kama mtu aliyeficha kichwa kabatini.

“Sista Mkuu, kuna gari la polisi hapa. Wana karatasi. Wanamwacha mtu anywe dawa yake, halafu wanamwita.”

“Karatasi gani?”

“Nakala. Nimeuona mwandiko.”

“Wamechukua wangapi?”

“Tisa. Wa sita walimwita mara tatu. Nikawaambia tumemzika wiki iliyopita. Wakaandika.”

Alifungua mkoba, akatoa nakala yake, akasoma ukurasa wa kwanza. Mstari wa sita ulikuwa wa mzee mmoja aliyekuwa akiuza magazeti. Aliendelea kuuangalia ukurasa huo mpaka chai ikapoa na kuota ngozi juu.

Jumanne likachukuliwa kundi la pili. Gari lilikuwa na nafasi ya watu kumi, na kurasa zilikuwa za watu kumi. Hapakuwa na haja ya kupanga upya. Wawili hawakutokea dirishani. Walifuatwa, mmoja nyuma ya soko na mwingine chini ya ngazi za jengo la posta, saa ileile iliyoandikwa kwenye safu ya nne.

Karani alimpokea kwa kusimama.

“Nataka kuliondoa ombi,” mbunge alisema.

“Mheshimiwa, likishawekwa mezani ni mali ya Bunge. Na nakala kwenda wizara zote ni jambo la kanuni, si mapenzi ya mtu. Maji yakimwagika hayazoleki.”

“Hakuna njia?”

“Ipo. Hoja ya kuliondoa, iungwe mkono na wabunge kumi wa chama chako.”

“Mimi niko mmoja.”

“Ndiyo, mheshimiwa,” karani alisema kwa huruma ya kweli. “Chama kizima.”

Kisha akaona alichosema, akashika tai yake.

Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria alikuwa na ofisi yenye zulia lililokula sauti ya viatu. Alimwagizia chai bila kumuuliza. Nakala ya kurasa nne ilikuwa mezani kwake, imebanwa kwa pini mpya.

“Watu wangu wanakamatwa,” mbunge akasema.

“Ulitaka Serikali iwaone, dada yangu. Imewaona.”

“Niliwaleta kama wagonjwa.”

“Umeleta watu waliokiri. Tarehe ipo, mahali papo, dole lipo. Mimi ni mwanasheria. Kesi safi kama hizi nimeziona chache. Sheria ni msumeno.”

“Msumeno una mwenye kuushika.”

Mwenyekiti alicheka mpaka akaweka kikombe chini. “Ndiyo maana nakupenda. Chama kizima kina akili.” Akafunua ukurasa wa mwisho. “Ndugu yako ni huyu wa thelathini na saba?”

Mbunge aliinua macho kutoka kwenye kikombe.

“Usishangae, umeandika mwenyewe. Ulifanya vizuri kutangaza. Na hapa naona alishafungwa mara moja. Kwa hiyo huyu ni kumi.” Alisema *kumi* kama mtu anayesoma saizi ya shati.

Nje ya dirisha mtu alikuwa akikata majani kwa mashine. Mbunge alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ndogo, kama ya mtu mwingine. “Ukurasa hauwezi kupotea?”

“Wa nne?”

“Wa nne.”

Mwenyekiti alimtazama kwa mara ya kwanza bila kutabasamu, kisha akatabasamu. “Ningekuwa na uwezo ningekusaidia. Lakini kile kitabu chenyewe kimeshonwa. Nimekivuta, hakivutiki. Nani alikishona? Kazi safi sana.” Akasukuma chai karibu naye. “Ila muswada haujashonwa. Uondoe kesho asubuhi, uniachie mimi nizungumze na Waziri.”

“Nikiuondoa watasimamisha?”

“Mimi mwenyekiti wa kamati tu. Naomba, siamuru.”

Jumatano asubuhi, wakati kundi la tatu likipakiwa, alisimama karibu na mlango wa msalani akasema anauondoa muswada. Sentensi moja ilitosha. Muswada hauhitaji watu kumi kuuondoa. Mtu alipaza sauti kwamba chama kizima kimeketi. Mzee wa viti vya nyuma hakucheka. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

*

Alasiri mbunge alimkuta mdogo wake mlangoni pa duka la vitambaa, mguu kwenye pedali, sare ya mtoto ikipita chini ya sindano. Mwenye duka alikuwa ametundika kitambaa ili kivuli kimfikie. Alisubiri amalize pindo.

“Kesho usiende dirishani.”

“Nisipoenda kesho, keshokutwa nitakuwa wapi? Wewe ndiye nesi, niambie.”

Wote wawili walijua. Siku ya kwanza ni miayo na machozi, ya pili ni tumbo na mifupa, na ya tatu mtu anasimama nyuma ya kituo cha mafuta akiwa na kete mkononi, na miezi kumi na tisa imerudi kuwa sifuri.

“Basi njoo mapema. Pitia chumba cha kufulia. Nitakuwa ndani, nitakupa kikombe kwa mlango wa nyuma, uondoke. Kuna shangazi wa mume wangu marehemu, anakaa mbali, ana cherehani mbovu. Na kuna dirisha kama hili huko. Nimeshazungumza na wauguzi.”

“Na wengine?”

“Tuzungumze habari yako kwanza.”

“Kinyozi? Bi Harusi?”

“Mdogo wangu.”

Alikata uzi kwa meno. “Dada, siku ile ulitusimamisha tukaitika. Mimi nilirudi hapa nikashona sare saba bila kupumzika. Nilikuwa sijawahi kuitwa jina langu kamili na mtu asiye hakimu.” Akaikunja sare, akaipiga kofi kuinyoosha. “Umeondoa muswada?”

“Nani kakwambia?”

“Redio ya mwenye duka.”

Mwanafunzi na mama yake walikuja kujaribu sare. Mdogo wake alipiga goti, akaingiza pini tatu kwenye pindo la gauni, mdomo wake ukiwa umebana pini ya nne. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Alipoinuka alisema tu, “Nitakuja, dada,” na mbunge akachukua neno hilo jinsi alivyolitaka.

*

Alhamisi alivaa koti lake jeupe la zamani, lililombana kwapani, akaingia kupitia jikoni ya hospitali. Mtoa dawa alimpisha nyuma ya dirisha bila swali. Vikombe vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, kila kimoja na kiasi chake, rejista ikiwa wazi pembeni.

Alikwenda mlango wa nyuma mara mbili. Chumba cha kufulia kilikuwa kitupu. Aliporudi akachungulia kwenye tundu, na huko nje, katika foleni, katikati ya Mwalimu na Bi Harusi, mdogo wake alikuwa amesimama amevaa shati lililopigwa pasi. Hawakuwa wengi. Waliobaki walisimama kwa mpangilio ule ule wa kutia madole; hakuna aliyewaambia.

Gari la polisi lilikuwa chini ya mti wa kivuli wa hospitali, mlango wa nyuma umefunguliwa.

Koplo aliyekuja dirishani alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, kofia mkononi. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Mama, nina shida ndogo. Miwani yangu ilikaliwa jana na watu humo kwenye gari. Na huyu mwenzangu herufi hazimtaki.” Askari mwenzake alitazama pembeni. “Naomba unisomee haya majina. Moja moja tu, polepole.”

Akapitisha karatasi kwenye tundu, mahali panapopita kikombe.

Mbunge aliitazama. Ukurasa wa nne. Aliwaza haraka, kama anavyowaza muuguzi mbele ya wagonjwa wawili na mtungi mmoja wa hewa. Akikataa, watamtafuta mwingine wa kusoma, na huyo atasoma yote. Akisoma yeye, karatasi itakuwa mkononi mwake, na mistari kumi ikisomwa na mtu mmoja inaweza kuwa tisa.

Alisoma wa thelathini na moja.

“Nipo!”

Sauti ilitoka imara, ya mtu aliyenyanyua kidevu. Halafu akaelewa. Walikuwa wamesikia sauti yake. Nje walikuwa hawamwoni, walisikia tu ile sauti iliyowasomea kwenye chumba cha kufulia, na walidhani amekuja na jambo la kuwaokoa.

“Leo wanaitika vizuri,” koplo alisema. “Jana tulihangaika na vitambulisho mpaka saa nne.”

Thelathini na mbili. Nipo. Thelathini na tatu. Nipo. Mtoa dawa alikuwa ameacha kugawa vikombe. Thelathini na nne, na Kinyozi akaitika akiwa bado hajanywa, akapita mbele ya dirisha akiangalia kikombe chake hadi shingo ikageuka. Dereva. Mwalimu hakusema nipo. Aliinama kidogo kwenye tundu, akamwona, akafunga kile kifungo kimoja cha koti.

Mbunge alilowesha midomo. Kidole chake kilikuwa kimefunika mstari mmoja. Akasoma wa thelathini na nane.

“Nipo,” akasema Bi Harusi. “Na maandazi hamkuleta.”

Alipiga hatua moja tu. Aliyekuwa mbele yake hakusogea kumpisha. Mdogo wake mbunge alitoka kwenye foleni, akaja mpaka dirishani, akaweka mikono yote miwili kwenye kizingiti, ile mikono iliyotulia.

“Dada,” alisema, “umeruka mtu.”

Koplo aligeuka. Alimtazama yule mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, akamtazama mama mwenye koti jeupe, kisha akapitisha mkono wake kwenye tundu na kuuacha hapo, kiganja juu, akisubiri. Hakunyakua. Alipopewa karatasi aliinyoosha mbali na uso, karibu na jua, akaanza kushuka nayo kwa ukucha, mstari kwa mstari.

“Mwandiko mzuri huu,” alisema. “Pole pole nitaona.”

Kwenye sinia kilikuwepo kikombe cha namba thelathini na saba, kimejaa. Mtoa dawa, aliyekitarajia kupita mlango wa nyuma, alikuwa ameshaandika kwenye rejista kwamba kimenywewa.